Sura ya Saba: Ondoka Kabla Hakijafika

Mchezaji wa Kerbal Space Program anayejenga kituo chake cha kwanza cha anga hukutana na swali gumu siku ya kupeleka kipande cha pili. Kipande cha kwanza tayari kiko juu, kilomita 100 kutoka usawa wa bahari wa Kerbin, sayari ya kubuni ambako mchezo unaanzia. Kinakwenda mita 2,246 kwa sekunde na kumaliza mzunguko mzima kwa dakika 32 na sekunde 38. Kipande cha pili kimesimama jukwaani juu ya roketi yake, matangi yamejaa. Airushe lini?

Wengi hurusha wakati wowote. Mchezo hauwakatazi, wala hawaharibikiwi. Roketi inapanda na kuingia katika obiti iliyo chini kidogo ya ile ya kituo, mchezaji anafungua ramani, anaharakisha saa, kisha anangoja mizunguko kadhaa hadi chombo chake kikifikie kituo. Ni njia halali, na ndiyo wanayofundishwa wanaoanza. Lakini ipo nyingine: kuondoka katika sekunde iliyochaguliwa, ili roketi inapofika kileleni kituo nacho kiwe kinafika pale pale, bila sayari kuzungukwa hata mara moja. Dakika tano na ushei baada ya injini kuwaka, kituo kinaonekana kwa macho, kinakuja.

Sura hii ni ya njia hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayomlazimisha mtu aelewe kwamba mkutano wa angani huamuliwa ardhini. Sekunde unayoingoja jukwaani haigharimu hata tone la mafuta. Ukiikosa, utailipia huko juu kwa mizunguko na kwa kuwasha injini tena na tena, na katika safari za kweli utailipia pia kwa hewa na subira ya watu waliobanana vitini.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Mexico City, ndani ya Squad, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi za matangazo, kutokana na wazo la mfanyakazi wake Felipe Falanghe. Toleo la kwanza la wazi lilitoka Juni 2011, na toleo la 1.0 likatoka Aprili 2015. Uwezo wa kuunganisha vyombo viwili angani uliingia katika toleo la 0.18, mwishoni mwa 2012. Tangu hapo saa ya kuondoka ikawa na maana kubwa. Wahusika ni viumbe wafupi wa kijani wenye macho makubwa, lakini roketi zao zinatii sheria zile zile za Newton na Kepler. Kerbin ina nusu kipenyo cha kilomita 600, chini ya sehemu moja ya kumi ya Dunia, ila imepewa uzito mwingi kiasi kwamba uvutano juu ya ardhi yake ni kama wa kwetu. Angahewa inakoma kilomita 70 juu. Siku ni ya saa 6. Udogo huu ni zawadi kwa anayejifunza. Kuizunguka Dunia kwa obiti ya chini huchukua kama saa moja na nusu. Hapa ni nusu saa, na jaribio linalokwenda kombo linaweza kurudiwa mara nyingi jioni hiyo hiyo.

Kabla ya hesabu, lazima tuelewe kwa nini kukimbiza angani hakusaidii. Juni 1965 James McDivitt, rubani mkuu wa Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha pili cha roketi yake mwenyewe ya Titan II, kilichokuwa kinaelea karibu. Alifanya ambalo rubani yeyote wa ndege angelifanya: alikielekezea chombo chake, akawasha injini ndogo. Kipande kikazidi kwenda mbali. Akawasha tena, hali ikawa ile ile, hadi mafuta mengi yakateketea na jaribio likaachwa. McDivitt alikuwa rubani hodari. Kilichomshinda ni kwamba ujuzi wa hewani haufanyi kazi kwenye obiti. Ukiongeza mwendo mbele, unainua obiti yako, na aliye kwenye obiti ya juu huchukua muda mrefu zaidi kumaliza mzunguko. Unaongeza kasi, unachelewa. Anayetaka kumfikia aliye mbele yake hana budi kwanza kupunguza mwendo, ashuke, awahi kwa chini, kisha apande tena.

Kwenye Kerbin tunaweza kulipima hilo. Obiti ya kilomita 100 inachukua sekunde 1,958. Ile ya kilomita 80 inachukua sekunde 1,875. Aliye chini, kila amalizapo mzunguko, anampunguzia aliye juu digrii 15 na kidogo. Basi fikiria umerusha ovyo, na ulipoingia kwenye obiti kituo kiko upande wa pili wa sayari, digrii 180 mbele yako. Utahitaji mizunguko karibu 12, sawa na saa 6 na dakika chache. Siku nzima ya Kerbin imepita, kwa sababu tu ya kutoangalia saa kabla ya kuwasha injini.

Sasa tuhesabu. Tuanze na kituo cha ikweta, kinachozunguka juu kabisa ya mstari wa katikati ya sayari, maana jukwaa la mchezo lenyewe liko karibu sana na ikweta, sehemu moja tu ya kumi ya digrii kusini yake. Kwa hali hiyo swali linabaki moja: kituo kiko nyuma yangu kwa kiasi gani?

Jukwaa nalo halikutulia. Kerbin inajizungusha, na ardhi ya ikweta inakwenda mashariki kwa mita 175 kwa sekunde, ikilibeba jukwaa, roketi na kila kilichopo. Ukipima kwa nyota na si kwa jua, sayari inamaliza kujizungusha kwa sekunde 21,549. Kwa hiyo kituo kikishapita juu ya jukwaa hakitarudi hapo baada ya dakika 32 na sekunde 38, kwa kuwa jukwaa nalo litakuwa limesogea. Kitahitaji muda wa ziada kulifikia. Jibu ni dakika 35 na sekunde 54. Huo ndio muda kati ya nafasi moja ya kuondoka na inayofuata, na ndio msingi wa mambo yote katika sura hii. Gawanya digrii 360 kwa muda huo na utapata kanuni mbili ambazo mchezaji angefanya vizuri kuziandika kwenye karatasi kando ya kompyuta. Kituo kinasogea digrii 1 kwa kila sekunde 6 ukilinganisha na jukwaa. Na katika obiti ya kilomita 100, kila sekunde 1 ya kuwahi au kuchelewa ni kilomita 2 za pengo.

Tafakari hiyo ya pili. Kilomita 2 kwa sekunde moja. Mtu akipiga chafya wakati wa kubonyeza kitufe, kituo kimeshasogea umbali wa kutembea nusu saa.

Kinachobaki ni kuijua roketi yako, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kutafuta namba moja ifaayo kwa wote. Haipo. Roketi yenye injini kali kwa uzito wake hupanda haraka. Nzito na ya polepole huchukua dakika nyingi zaidi. Anayeilaza roketi mapema hufika mashariki ya mbali zaidi kuliko anayepanda wima kwanza. Namba zinazohitajika ni mbili tu: muda kutoka kuwasha injini hadi kufika kileleni, na pembe ambayo roketi imesafiri kuelekea mashariki katika muda huo. Zote mbili ni za roketi hiyo, ikirushwa na mtu huyo, kwa namna hiyo.

Tuseme roketi yako inatumia dakika 5 na nusu, yaani sekunde 330, na katika muda huo inakata digrii 36 angani, ukijumlisha na zile 5 na nusu ambazo sayari yenyewe ingekubeba hata ungekaa kimya. Katika sekunde hizo 330 kituo kinasafiri karibu digrii 61. Toa 36 kutoka 61, zinabaki 25. Basi sharti uondoke wakati kituo kiko digrii 25 nyuma yako, bado magharibi, bado dakika 2 na nusu kabla hakijafika juu ya kichwa chako. Mchezo unaonyesha umbali wa kitu ulichokichagua kuwa mlengwa hata ukiwa umesimama jukwaani, kwa hiyo si lazima upime pembe kwenye ramani. Digrii 25 kwa obiti hii ni umbali wa kilomita zipatazo 298 kwa mstari ulionyooka kati ya jukwaa na kituo. Uangalie umbali ukipungua: 400, 350, 310. Ukifika 298, washa.

Na kama hesabu zinakuchosha, fanya jaribio moja, ulipime, urekebishe. Rusha wakati kituo kiko popote nyuma yako, panda kama ulivyozoea, ufike kileleni, kisha usimamishe mchezo uangalie kituo kiko wapi. Kama kiko digrii 10 mbele yako, umeondoka sekunde 60 baada ya wakati wake. Kama kiko digrii 5 nyuma, umewahi kwa sekunde 30. Rudisha roketi jukwaani, jambo ambalo mchezo unaliruhusu, uongeze au upunguze sekunde hizo. Mara ya pili utakuwa karibu. Napenda jinsi njia hii inavyomheshimu asiye na hisabati nyingi: inampa hesabu kamili kwa kumtaka apime kitu kimoja tu.

Lakini inadai kitu kingine, nacho ni kurudia. Kupanda kwa namna ile ile kila mara kuna thamani kubwa hapa kuliko kupanda kwa ustadi. Roketi inayotumia mafuta kidogo zaidi leo lakini ikafika sekunde 12 baadaye imekuweka kilomita 24 mbali na mkutano wako. Ndiyo maana anayefanya kazi hii huchagua kanuni chache na kuzishika: anaanza kuinamisha roketi akifikia mwendo fulani, anataka iwe imelala digrii 45 ikifika kimo fulani, anazima injini kilele kinapogusa kilomita 100, hazidishi. Ipo programu ya ziada iitwayo MechJeb inayoweza kufanya yote haya yenyewe, hata kuhesabu sekunde na kuwasha injini. Ni kazi nzuri. Namshauri mchezaji aanze kwa mikono hata hivyo, kwa kuwa mtu asiyewahi kuuhisi mpando wa roketi yake hatajua la kufanya pale mashine itakapokosea.

Je, ukiona katikati ya safari kwamba hesabu haikukaa sawa? Kuna nafasi ya kurekebisha, ila ni finyu. Ukiwa umewahi, panda wima zaidi: utatumia muda mwingi ukienda juu na mchache ukienda mashariki, na kituo kitakukaribia kutoka nyuma. Ukiwa umechelewa, laza roketi mapema upate mwendo wa ulalo. Na kama lazima ukosee, kosea upande wa kuchelewa. Aliyewahi ana kituo nyuma yake, na kukingoja ni kupanda juu zaidi ya kituo kwa mafuta ambayo hakuyapangia. Aliyechelewa kwa sekunde 10 ana kituo kilomita 20 mbele yake; akibaki kwenye kimo cha kilomita 90 badala ya 100, obiti yenyewe italifunga pengo hilo ndani ya dakika kama 7, bila jitihada yoyote. Vyombo vya kweli vinaviendea vituo kutoka chini na kutoka nyuma kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kufika kwenyewe. Wanaojaribu mara ya kwanza hushtuka hapa, kwa sababu wamezoea kufikiria kwamba roketi ndiyo inayokifuata kituo. Kileleni mambo ni kinyume. Roketi imefika mwisho wa kupanda ikiwa na mwendo wa ulalo mdogo kuliko wa kituo, pengine kwa mita 150 kwa sekunde, kwa kuwa bado haijamaliza kazi ya kuingia kwenye obiti. Kituo kinatoka nyuma, kinakaribia, na kisipopokelewa kitapita moja kwa moja. Mtazame konda aliyeshuka kukusanya abiria huku daladala likianza kuondoka. Hangoji mlango umfikie ndipo aanze kukimbia. Anaanza kabla, akitazama mbele, ili mlango unapokuwa usawa wake mwendo wake na wa gari uwe mmoja, na mguu wake ukanyage ngazi bila mshtuko.

Roketi inafanya vivyo hivyo kwa injini yake ya mwisho. Juu ya tufe la mwelekeo kuna maandishi yanayoonyesha mwendo. Yabonyeze hadi yaonyeshe mwendo wako dhidi ya mlengwa. Kisha elekeza pua ya chombo kwenye alama iliyo kinyume cha mwendo huo. Kama tofauti ni mita 150 kwa sekunde, na injini yako inabadilisha mwendo kwa mita 10 katika kila sekunde, unahitaji sekunde 15 za moto, na katika sekunde hizo pengo litasogea zaidi kidogo ya kilomita 1. Washa ukijua hivyo, usiwashe kwa hofu kilomita 30 kabla. Namba inashuka: 150, 90, 40, 5. Inapofika sifuri umemaliza kazi mbili kwa moto mmoja. Umelingana na kituo, na kwa kuwa kituo kiko kwenye obiti ya duara, nawe sasa uko kwenye obiti hiyo hiyo. Hapa ndipo ilipo akiba ya njia hii. Moto wa kuingia kwenye obiti, ambao ungeuwasha hata hivyo, ndio uliokukutanisha.

Mwanadamu alitambua tofauti kati ya kufika mahali na kulingana mwendo mapema sana. Tarehe 11 Agosti 1962 Umoja wa Kisovieti ulimrusha Andriyan Nikolayev ndani ya Vostok 3. Siku iliyofuata, kutoka Baikonur, ukamrusha Pavel Popovich ndani ya Vostok 4, kwa saa iliyopangwa hasa ili apite karibu na mwenzake. Vyombo hivyo havikuwa na injini za kubadili obiti. Kila kitu kilitegemea sekunde ya kuondoka na usahihi wa roketi. Vilifikiana umbali wa kilomita 6 na nusu hivi. Kisha vikaanza kuachana, kwa kuwa obiti zao zilikaribiana lakini hazikuwa moja, na hakuna aliyekuwa na namna ya kuifuta ile tofauti ndogo iliyobaki. Miaka 5 baadaye, tarehe 30 Oktoba 1967, Kosmos 188 ilirushwa ikaingia kwenye obiti kama kilomita 24 tu kutoka Kosmos 186, na safari hii rada na injini zilikuwepo. Vyombo viwili visivyo na mtu ndani vikatafutana na kuungana, kwa mara ya kwanza katika historia vikiwa peke yao, ndani ya mzunguko wa kwanza wa Kosmos 188.

Wamarekani walikuwa wameshapita njia ya polepole kwanza. Desemba 1965 Gemini 6A, ikiwa na Walter Schirra na Thomas Stafford, iliikaribia Gemini 7 hadi sentimita 30 hivi, katika mzunguko wa nne. Ilikuwa kazi kubwa, iliyofanyika hatua kwa hatua, kila hatua ikisahihisha iliyotangulia. Lakini waliopanga safari za Mwezi walikuwa na wasiwasi mwingine. Watu wawili watakaopaa kutoka Mwezini watakuwa ndani ya chombo chenye hewa na umeme wa saa chache. Wakiondoka, itakuwaje kama hawana mizunguko minne ya kupoteza?

Jibu lilitafutwa tarehe 12 Septemba 1966, kwenye Gemini 11. Mlengwa, chombo cha Agena, kilitangulia asubuhi hiyo hiyo kutoka Florida. Charles Conrad na Richard Gordon walipaswa kuondoka saa moja na dakika 37 baadaye, Agena ikiwa inamaliza mzunguko wake wa kwanza, na dirisha lao la kuondoka lilikuwa na upana wa sekunde 2. Mtu aliyewahi kucheza mchezo huu na kujaribu kukamata sekunde yake ataelewa uzito wa jambo hilo: roketi ya Titan II, maelfu ya vali na waya, hali ya hewa ya pwani, watu mamia waliokaa mbele ya vioo vyao, na vyote lazima vikubaliane ndani ya sekunde 2. Waliondoka ikiwa nusu sekunde tu ya dirisha hilo imepita. Dakika 94 baada ya kuondoka walikuwa wameshaungana na Agena. Kwangu hili ni moja ya mafanikio makubwa ya karne ile, na nasikitika kwamba linatajwa kwa nadra sana kando ya safari za Mwezini.

Nilianza na ikweta kwa makusudi, kwa sababu huko saa ni moja tu. Ukimweka mlengwa kwenye obiti iliyoinama, saa ya pili inaanza kugonga. Obiti ni bapa lililosimama angani, na sayari inazunguka ndani yake. Jukwaa linavuka bapa hilo mara mbili kwa kila mzunguko wa sayari. Kwenye Kerbin, takriban kila saa 3. Ukiondoka nje ya nyakati hizo utaingia kwenye obiti iliyopishana na ya kituo kwa pembe, na kuinyoosha pembe hiyo ni moja ya gharama kubwa kuliko zote angani. Lakini ukiondoka jukwaa linapovuka bapa, nani kakuambia kituo kitakuwa digrii 25 nyuma yako wakati huo? Kinaweza kuwa popote. Saa mbili, moja ya jukwaa na moja ya kituo, sharti zionyeshe wakati mmoja, na zenyewe hazina haraka ya kupatana.

Hapo ndipo inapoonekana thamani ya jukwaa la ikweta, na sisi wa pwani hii tuna mfano wa karibu. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini, San Marco na Santa Rita, na kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zikapaa kutoka hapo na kupeleka satelaiti kwenye obiti. Mahali hapo pako chini ya digrii 3 kusini ya ikweta. Ardhi na bahari vinakwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde hivi, mwendo ambao roketi inaupata bure, na satelaiti ikirushwa moja kwa moja mashariki inaingia kwenye obiti inayokaribia kulala juu ya ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya anga za mbali, ikapewa jina Uhuru. Obiti yake iliinama digrii 3 tu. Haikuwa na chombo cha kukutana nacho, lakini kwa jiometri tunayoizungumzia, mchezaji wa Kerbal anaishi jirani na Malindi kuliko anavyoishi jirani na Florida, iliyoko digrii 28 na nusu kaskazini. Kituo kikiwa juu ya ikweta, jukwaa la aina hii liko karibu ndani ya bapa lake saa zote, na saa ya pili inanyamaza.

Kituo cha Kimataifa cha Anga hakina bahati hiyo. Obiti yake imeinama digrii 51.6 ili roketi za Baikonur ziweze kukifikia, na kwa miaka mingi Soyuz zilichukua siku 2 nzima kukifuata, wanaanga wakiwa wamekunja magoti. Zilikuwa na mizunguko mingi ya kusahihisha makosa ya kuondoka. Tarehe 28 Machi 2013 Soyuz TMA-08M ilifika kwa saa 6. Tarehe 14 Oktoba 2020 Soyuz MS-17 ilifika kwa saa 3 na dakika 3, mizunguko miwili tu. Jambo moja lililosaidia ni maandalizi. Siku kadhaa kabla, kituo chenyewe kinasukumwa kidogo, obiti yake inainuliwa, ili dakika ambayo jukwaa linavuka bapa kituo nacho kiwe katika pembe inayotakiwa. Saa isiyotaka kupatana inasogezwa mshale. Mchezaji mwenye kituo kilichoinama anaweza kufanya hivyo hivyo, na mita chache kwa sekunde zitumiwazo kituoni siku moja kabla zinaokoa mengi siku ya kurusha.

Anayetaka kujaribu haya kwa mara ya kwanza namshauri asianze Kerbin. Aende kwanza Mun, mwezi wa karibu wa sayari hiyo, wenye nusu kipenyo cha kilomita 200. Hakuna hewa ya kuvuruga mpando, kwa hiyo roketi inapanda sawasawa kila mara. Mun inajizungusha polepole sana, hata jukwaa, au popote ulipotua, pamekaribia kusimama. Chombo mama kilicho kwenye obiti ya kilomita 20 kinakwenda mita 544 kwa sekunde, na kinarudi juu yako kila baada ya dakika 43. Kila digrii ni sekunde 7 na kidogo, na sekunde moja ya kuchelewa ni nusu kilomita, robo ya adhabu ya Kerbin. Wanaanga wa Apollo walipata nafuu ya namna hiyo hiyo. Apollo 11 ilitumia saa 3 na dakika 41 kutoka kuondoka Mwezini hadi kuungana na chombo mama, kwa hatua nyingi za tahadhari. Kufikia Februari 1971 waliziamini hesabu zao vya kutosha kuondoa hatua hizo, na Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 waliunganishwa na mwenzao Stuart Roosa kwa saa 1 na dakika 47, kabla ya kumaliza hata mzunguko mmoja wa Mwezi.